Walishinda mechi zote tisa, wakabaki nyumbani: je, habari ya San Francisco 1951 ni ya kweli?

*“Ninafundisha timu ya vijana chini ya miaka 17 hapa Morogoro. Binamu yangu anayeishi Oakland, California, alinisimulia habari ya timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco. Mwaka 1951 ilishinda mechi zake zote tisa, kisha ikaletewa barua kwamba itaalikwa kwenye mechi kubwa ya mwisho wa msimu endapo itawaacha nyumbani wachezaji wake wawili weusi. Wote wakakataa. Niliipenda, nikawasimulia vijana wangu. Mwenzangu akanipinga mbele yao: eti ni hadithi ya kupambwa, hawakualikwa kwa sababu walicheza na timu dhaifu, na ukaidi wao ndio ulioiua timu, kwani chuo kiliufuta mchezo huo mara tu baada ya msimu. Nani yuko sahihi? Na je, niendelee kuisimulia?”*

Kocha, nimeyasoma maneno yako zaidi ya mara moja. Naona kinachokusumbua si kushindwa ubishi. Unaogopa kwamba umewapa vijana waliokuamini kitu kisicho cha kweli. Basi nianze na hilo: kiini cha ulichowasimulia ni kweli. Mwenzako ana hoja moja ya haki na nyingine isiyosimama kabisa, na simulizi ya binamu yako ina sehemu moja ya kurekebisha, ile ya barua. Tuende taratibu, maana jambo lenyewe halieleweki bila kujua mechi hizo ziligawiwaje.

Sisi watu wa soka tumezoea msimamo wa ligi. Ukiongoza pointi, kombe ni lako, na hakuna kamati inayoweza kukunyima. Mpira wa vyuo vya Marekani wakati ule haukuwa na utaratibu huo. Hapakuwa na fainali ya taifa. Msimu ulikwisha mwishoni mwa Novemba, kisha karibu na Mwaka Mpya zikachezwa mechi chache za heshima, kila moja katika mji wake: Rose Bowl huko Pasadena, Orange Bowl huko Miami, Sugar Bowl huko New Orleans, Cotton Bowl huko Dallas, Gator Bowl huko Jacksonville. Waliochagua nani acheze walikuwa kamati za wenyeji, watu wakubwa wa mji na wafanyabiashara waliotaka hoteli zijae na uwanja ujae. Nafasi za Rose Bowl zilikuwa zimefungwa tayari, kwani tangu mechi ya Januari 1947 zilikuwa za miungano miwili tu, ule wa Pwani ya Pasifiki na ule wa vyuo vikubwa vya Magharibi ya Kati. San Francisco hakikuwa mwanachama wa muungano wowote. Kilikuwa chuo kidogo cha Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, kinachojitafutia wapinzani chenyewe. Kwa timu ya namna hiyo mlango mkubwa uliobaki ulikuwa Kusini, na ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa kamati za Kusini.

Sasa angalia ramani. Miami, New Orleans, Jacksonville na Dallas zote zilikuwa katika majimbo yaliyowatenga watu weusi kwa sheria, kuanzia shule na mabasi hadi hoteli na viti vya uwanjani. Juu ya sheria hizo kulikuwa na mazoea ambayo hayakuandikwa popote: timu ya Kaskazini au Magharibi ikienda kucheza Kusini, wachezaji wake weusi hubaki. Mara nyingi chuo mwalikwa kilikubali kimyakimya, na mchezaji akaambiwa asubiri wenzake warudi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mazoea hayo yalianza kupingwa, na mambo matatu yatakusaidia mbele ya mwenzako, kwa sababu yanaonyesha kwamba kisa cha San Francisco hakikuota peke yake. Mwaka 1946 chuo cha Penn State kilifuta mechi yake ya Miami kuliko kuwaacha wachezaji wake weusi, Wallace Triplett na Dennis Hoggard. Mwaka uliofuata kikaalikwa Cotton Bowl. Kilikwenda na wote wawili, kikosi kikalala kwenye kambi ya jeshi la wanamaji nje ya Dallas, na siku ya Mwaka Mpya 1948 wakatoka sare 13 kwa 13 na Southern Methodist. Mwishoni mwa 1948 chuo cha Lafayette kiliukataa mwaliko wa Sun Bowl ya El Paso, Texas, kwa sababu mchezaji wake mweusi, David Showell, asingeruhusiwa kuingia uwanjani. Kwa hiyo anayesema kwamba sharti la “waacheni weusi” ni la kutungwa atakuwa na kazi ngumu.

Na usifikiri ukali huo ulikwisha upesi. Oktoba 1951, msimu huohuo tunaouzungumzia, Johnny Bright, mchezaji mweusi wa chuo cha Drake, mmoja wa wachezaji hatari kuliko wote nchini, alipigwa usoni tena na tena mjini Stillwater, Oklahoma, wakati hata mpira hakuwa nao, akavunjwa taya. Picha za tukio hilo zilipata tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari. Januari 1956, Pittsburgh walipompeleka mchezaji wao mweusi Bobby Grier kwenye Sugar Bowl, gavana wa Georgia alitaka wapinzani wao, Georgia Tech, wajitoe. Walicheza, na Grier akacheza, lakini mwaka huohuo Louisiana ikatunga sheria ya kukataza watu weupe na weusi kucheza pamoja.

Ndani ya hali hiyo ndipo ilipo timu yako. Kocha wake alikuwa Joe Kuharich. Kikosi kilikuwa na watu waliokwisha kukomaa, na hilo lina sababu yake: sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha wanajeshi waliorudi vitani ilijaza vyuo wanaume waliokwisha kuona makubwa kuliko mpira. Gino Marchetti, mlinzi wao mkubwa, alikuwa amepigana Ulaya akiwa bado kijana mdogo. Bob St. Clair alikuwa mrefu kuliko karibu kila aliyesimama mbele yake. Mshika usukani wa mashambulizi alikuwa Ed Brown. Mtu wa habari za michezo wa chuo, aliyezungukia magazeti kuwashawishi waandike kuhusu timu isiyojulikana, alikuwa kijana Pete Rozelle, ambaye miaka tisa baadaye angekuwa mkuu wa ligi ya kulipwa ya NFL.

Na walikuwepo Ollie Matson na Burl Toler, hao wawili weusi. Matson alizaliwa Trinity, Texas, akakulia San Francisco. Toler alitoka Memphis, Tennessee. Walikutana kwenye chuo cha jiji la San Francisco kabla ya kuhamia kwa Wajesuiti. Msimu ule Matson alikimbia na mpira yadi 1,566, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa vyuo nchini, na mara 21 akavuka mstari wa mwisho na kufunga, yaani tachidauni 21. Walipokwenda New York kucheza na Fordham, mbele ya waandishi wakubwa wa Mashariki, alipokea mikwaju miwili ya kuanzisha mchezo na kukimbia nayo yote miwili uwanja karibu mzima hadi kufunga. San Francisco wakashinda 32 kwa 26. Ilikuwa mechi pekee iliyowapa jasho. Nyingine zote walishinda kwa tofauti ya pointi 18 au zaidi.

Tuje kwenye hoja ya mwenzako. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ratiba ya San Francisco ilikuwa nyepesi. Mechi mbili kati ya tisa zilikuwa dhidi ya timu za kambi za jeshi, Camp Pendleton na wanamaji wa San Diego. San Jose State walikutana nao mara mbili. Vigogo wa pwani kama California na Stanford hawakuwamo kwenye ratiba. Waandishi waliopiga kura ya ubora mwisho wa msimu waliwaweka nafasi ya 14 ingawa hawakuwa wamefungwa, na udhaifu wa ratiba ni sehemu ya sababu. Mjumbe wa kamati ya mwaka 1951 angeweza kusema jambo hili bila kudanganya, na wewe ukilificha mbele ya vijana wako, siku wakiligundua watakuacha.

Lakini hoja hiyo inabeba mzigo mdogo tu. Angalia Santa Clara, chuo kingine kidogo cha Wajesuiti, majirani zao wa kusini mwa ghuba. Miaka miwili nyuma tu, Orange Bowl ya Januari 1950 iliwaalika hao Santa Clara, wakaifunga Kentucky 21 kwa 13. Kwa hiyo udogo wa chuo, Ukatoliki wake na umbali wa California havikuwa kizuizi kwa kamati ya Miami. Mwaka 1951 San Francisco waliwafunga Santa Clara 26 kwa 7. Angalia pia College of the Pacific ya Stockton. San Francisco waliipiga 47 kwa 14 mwezi Novemba, na ni hao waliochapwa waliokwenda Sun Bowl. Gator Bowl ya Januari 1952 iliwachukua Miami na Clemson, na wote wawili walikuwa wamepoteza mechi msimu ule. Kama kigezo kingekuwa ubora peke yake, ni vigumu sana kueleza kwa nini timu isiyofungwa ikose nafasi yoyote.

Hapa nikutahadharishe, maana mfano wa Pacific unaweza kukugeukia. Kikosi cha Pacific nacho kilikuwa na mchezaji mweusi, Eddie Macon. El Paso, iliyomkataa Showell mwaka 1948, ilikuwa imeanza kulegea. Basi utumie mfano huo kuonyesha kwamba ratiba nyepesi haikuzuia timu kualikwa, usiutumie kuthibitisha ubaguzi. Milango ya Kusini haikufungwa kwa nguvu ileile kila mji, na anayesimulia kama kwamba Kusini yote ilikuwa ukuta mmoja atakamatwa na mfano mmoja kama huu.

Sasa ile barua. Binamu yako amesimulia kana kwamba mwaliko uliandikwa na sharti likawekwa kwenye karatasi. Usisimulie hivyo. Wachezaji wenyewe kwa miaka mingi walieleza kwamba ujumbe ulifika kwa mdomo, kupitia kwa kocha Kuharich: mnaweza kualikwa bila Matson na Toler. Wakasema hapana, na hapakuwa na mjadala. Mwaliko rasmi haukuja. Mtu akikuuliza barua iko wapi, anauliza kitu ambacho mfumo ule haukukihitaji. Kamati haikuwa na wajibu wa kueleza kwa nini haikukualika. Ilitosha mtu mmoja kumpigia mwingine simu na kuuliza kama “wale wawili” watasafiri, kisha simu isipigwe tena. Ubaguzi wa namna hiyo huacha alama chache kwa makusudi, ndiyo maana tunautambua kwa kuweka visa vingi pamoja: Lafayette, Penn State, Grier, na huyu wetu. Ushahidi wa wachezaji ni wa kumbukumbu, na kumbukumbu huongezewa chumvi hapa na pale, lakini hapa unaungana na kila tunachojua kuhusu miji ile katika miaka ile. Mimi nauamini.

Hoja ya pili ya mwenzako, kwamba msimamo wao uliiua timu, ndiyo isiyosimama. Ni kweli chuo kiliifuta timu mara baada ya msimu ule. Ni kweli pia kwamba fedha za mechi kubwa zingewapunguzia madeni. Lakini jiulize nini kilikuwa kinatokea kwa vyuo vya Kikatoliki vya pwani ile kwa jumla. Saint Mary’s walifuta mpira baada ya msimu wa 1950. Loyola ya Los Angeles, ambao San Francisco waliwafunga 20 kwa 2 katika mechi ya mwisho, walifuta baada ya 1951. Santa Clara, hao hao waliopata Orange Bowl na fedha zake, walifuta baada ya 1952. Hakuna kati ya hivyo vitatu kilichowahi kuwa na kisa cha Matson na Toler mwaka ule, na bado vyote vilikwenda njia moja.

Sababu ilikuwa gharama. Kanuni za wakati huo ziliruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo, kwa hiyo kila timu ilihitaji karibu vikosi viwili, kimoja cha kushambulia na kingine cha kulinda, wote wakisoma, kula na kusafiri kwa fedha za chuo. Vyuo vya serikali viliweza. Chuo binafsi kinachoishi kwa ada hakikuweza. Isitoshe, timu ya kulipwa ya 49ers ilikuwa imeingia NFL mwaka 1950 na kucheza katika uwanja uleule wa Kezar, na mtu wa San Francisco mwenye dola chache za Jumapili alikuwa na chaguo jingine. Mechi moja ya Mwaka Mpya ingeweza kulipa bili za mwaka mmoja. Isingebadilisha hesabu hiyo, na Santa Clara ndio uthibitisho wangu.

Kwa hiyo mwambie mwenzako, kwa upole: wachezaji hawakuchagua kati ya heshima na uhai wa timu yao. Timu ilikuwa inakufa, wao wakaamua itakufa ikiwa na watu wake wote.

Kuna jambo moja katika usimulizi wa kisa hiki ambalo linaniumiza, na naona limo hata katika swali lako. Wanaosifiwa kwanza ni wale weupe waliokataa kuwaacha wenzao. Wanastahili sifa. Ila waliobeba uzito ni wale wawili. Hebu fikiria kijana wa miaka ishirini na kitu, bora nchini kwa namba zisizobishaniwa, anajua kwamba wenzake thelathini na zaidi wanakosa safari ya maisha yao kwa sababu ya ngozi yake. Matson aliishia nafasi ya tisa katika kura ya Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka ule, na tuzo ikaenda kwa Dick Kazmaier wa Princeton. Kiangazi kilichofuata Matson alikwenda Helsinki na kurudi na medali mbili za Olimpiki, shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti. Akaingia NFL, na mwaka 1959 klabu ya Los Angeles Rams, ambayo meneja wake alikuwa Pete Rozelle yuleyule, ilitoa wachezaji tisa kwa jumla, ukihesabu na nafasi za kuchagua wapya, ili impate yeye mmoja.

Toler hakupata hata hayo. Aliumia goti vibaya mwaka 1952 katika mechi ya nyota wa vyuo dhidi ya mabingwa wa NFL, akawa hawezi kucheza tena. Akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule San Francisco. Mwaka 1965 NFL, sasa chini ya Rozelle, ilimwajiri kuwa mwamuzi, mweusi wa kwanza katika ligi hiyo, na alichezesha kwa miaka 25, pamoja na Super Bowl, fainali ya NFL, ya Januari 1980. Matson, Marchetti na St. Clair wote wameingizwa katika jumba la heshima la mpira wa kulipwa. Chuo kikuu kimelipa bweni moja jina la Toler. Vijana wako wakimfahamu Toler tu, mimi nitaridhika.

Umeuliza kama uendelee kusimulia. Endelea, ila rekebisha mambo matatu uliyokwisha kuyaona: hapakuwa na barua, ratiba ilikuwa nyepesi, na timu haikufa kwa sababu ya msimamo wao. Kwa kuwa mwenzako alikupinga mbele ya vijana, yaseme marekebisho hayo mbele yao pia, naye akiwepo, na mpe haki yake kwenye suala la ratiba. Watajifunza namna watu wazima wanavyobishana juu ya jambo la kweli.

Nikuulize na mimi, kwa sababu makocha wengi wanaoniandikia kuhusu visa vya zamani huwa wana kisa cha sasa mfukoni. Je, kuna mashindano ambapo waandaaji wamekudokeza umwache kijana fulani, kwa kabila lake, dini yake, uraia wa wazazi wake au ulemavu? Kama lipo, usitegemee kisa cha 1951 kikutatulie. Omba sharti hilo kwa maandishi, lipeleke kwa chama cha mpira cha mkoa wako na kwa wazazi wa kijana, na mtafute mtu wa sheria ana kwa ana kabla hujawatangazia wachezaji lolote. Na usiwapigishe kura vijana mbele ya mwenzao. Uamuzi huo ni wa mtu mzima. Kijana anayejadiliwa asilazimike kuhesabu mikono.

Kama unachotaka ni kwenda ndani zaidi, binamu yako yuko mahali pazuri kuliko mimi na wewe. Kutoka Oakland ni kuvuka daraja tu. Aende maktaba ya Gleeson ya Chuo Kikuu cha San Francisco, awasiliane kwanza na mtunza nyaraka ili asikute pamefungwa, na aombe mambo mawili: gazeti la wanafunzi, Foghorn, la Novemba na Desemba 1951, na kumbukumbu za idara ya michezo za msimu ule. Kisha apite maktaba ya umma ya jiji, asome kurasa za michezo za magazeti ya San Francisco ya wiki baada ya mechi ya Pacific. Aangalie hasa waandishi walitaja mechi gani za mwisho wa msimu, siku gani walianza kuzitaja, na siku gani waliacha. Apige picha kila ukurasa ukiwa na tarehe yake, akutumie wewe na mwenzako pamoja.